Kengele Iliyoacha Kulia Bure: Tathmini ya Mfumo Mpya wa Kutambua Moto Katika Nyumba ya Wageni, Mji Mkongwe

Ninasimamia nyumba ya wageni ya mama yangu, yenye vyumba 14, katika mtaa wa Kiponda ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kwa mwaka mmoja na miezi miwili sasa nyumba hii inalindwa na mfumo mpya wa kutambua moto ambao tuliufunga kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba ule wa zamani ulikuwa ukilia bila moto. Tathmini hii ninawaandikia wenzangu wenye nyumba za wageni, hosteli na mabweni, ambao wamechoka na kelele hizo na wanafikiria ama kubadilisha mfumo ama, Mungu apishe mbali, kuuzima. Sitaitaja kampuni iliyofunga mfumo wa kwanza wala hii iliyofunga wa pili, kwa kuwa ninachotaka kipimwe hapa ni kazi yenyewe na namna ilivyofanywa.

Uamuzi tuliufikia usiku mmoja wa masika. Kengele ililia saa nane za usiku, nami nilipopanda ghorofa ya pili nilikuta milango yote imefungwa na hakuna hata mgeni mmoja aliyetoka. Bwana mmoja aliyekuwa nasi kwa siku ya tano alifungua mlango kidogo, akaniuliza kwa upole kama ni ile kengele ya kila siku, kisha akarudi kulala. Moto haukuwapo, mtu alikuwa ameoga maji ya moto na kuacha mlango wa bafu wazi. Hata hivyo nilibaki nimesimama pale ukumbini kwa muda, kwa sababu nilielewa kwamba kwa miaka mitatu tulikuwa tumewafundisha wageni wetu wasiamke.

Jambo hilo si dogo, na limewahi kugharimu maisha. Mwezi Januari 2000, katika bweni la Boland Hall la Chuo Kikuu cha Seton Hall, New Jersey, Marekani, moto ulizuka alfajiri na wanafunzi wengi wakachelewa kutoka kwa sababu bweni hilo lilikuwa limezoea kengele za uongo. Wanafunzi 3 walifariki na zaidi ya watu 50 waliumia. Kwetu sisi hatari ina sura yake. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa ambazo haziungui, lakini dari zake zimebebwa na boriti za mikoko zilizokauka kwa miongo mingi, ngazi zake ni za mbao, na vichochoro vyake vingi havipitishi gari la zimamoto, hivyo mipira ya maji hulazimika kuvutwa kwa miguu kutoka barabarani. Katika nyumba kama hiyo dakika za mwanzo ndizo zinazoamua, na dakika hizo zimo mikononi mwa kengele inayoaminiwa.

Mfumo wetu wa zamani uligawanya nyumba katika maeneo matatu, yaani chini, ghorofa ya kwanza na ghorofa ya pili. Kitambuzi chochote kikishtuka, paneli, yaani sanduku kuu linaloongoza mfumo, ilionyesha eneo tu, nasi tukaanza kukimbia kutoka chumba hadi chumba tukinusa milango. Katika vyumba vilifungwa vitambuzi vya moshi vinavyotumia mwanga, na katika korido ya karibu na jiko vilifungwa vile vyenye chembe ndogo ya madini ya mionzi aina ya ameresiamu 241. Aina hizi mbili hazifanyi kazi kwa namna moja, na nimejuta kutolijua hilo mapema. Kitambuzi cha mwanga kina kijichumba cheusi ndani yake ambamo miale hupigwa kando ya jicho la kupokea. Moshi ukiingia hutawanya miale hiyo hadi ikalifikia jicho. Kitambuzi hiki huwahi kuuona moto unaofuka taratibu, kama wa godoro, lakini mvuke mzito, vumbi au buibui aliyejenga ndani hukidanganya vilevile. Kitambuzi cha mionzi kwa upande wake hushtushwa zaidi na chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo moto wenye ndimi huzitoa kwa wingi, na ambazo pia hutoka kwenye mafuta ya kukaangia na mkate unaobanikwa. Kukiweka cha namna hiyo hatua chache kutoka kwenye karai la mandazi ni kukitafutia kazi kila asubuhi.

Kampuni ya kwanza, kila tulipoilalamikia, ilituma kijana aliyepuliza vitambuzi kwa hewa, akabonyeza kitufe cha kurudisha paneli katika hali yake na kuondoka. Mara ya mwisho tuliambiwa tuache kufukiza udi.

Kampuni ya pili ilianza kwa jambo ambalo ninaliona ndilo lililoleta tofauti yote. Fundi wao mkuu, mtu mzima wa makamo, alikataa kutupa bei siku ya kwanza. Aliomba daftari la mapokezi, kwa sababu alisikia kwamba walinzi wetu huandika saa ya kila kengele, akakaa barazani na kalamu akapitia miezi mitatu, kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei. Alikuta kengele 27. Akazipanga kwa saa na kwa ghorofa, akawahoji mlinzi, mpishi na wasichana wa usafi mmoja mmoja, na jioni ya pili akatueleza alichokiona: kengele 11 zilikuwa za mvuke wa bafu, 7 zilitokea baada ya magharibi wakati wa udi, 4 zilitoka jikoni, na 2 zililia umeme ulipokatika na jenereta ya uani ikawashwa, moshi wake ukapanda na ngazi. Zilizobaki 3 hazikuwa na saa maalumu wala sababu inayoeleweka, naye akapanda ngazi akavifungua vitambuzi vyake mbele yetu: viwili vilikuwa na utando wa buibui na kimoja kilikuwa na sisimizi.

Hapo ndipo mama yangu alipomuuliza, kwa sauti ya mtu anayejiandaa kugombana, kama na yeye atatukataza udi. Akamjibu, "La, mama, udi usiuache. Nionyeshe tu mnaanzia wapi na chetezo mnakiacha wapi." Magharibi mbili mfululizo alikaa kuangalia. Aligundua kwamba baada ya kuzungusha chetezo vyumbani, wasichana walikuwa wakikiacha chini ya ngazi, mahali ambapo hewa ya uani huvutwa juu kama kwenye bomba la jiko, na moshi wote ukafika kwenye vitambuzi vya ukumbi wa ghorofa ya pili ukiwa bado mzito. Chetezo kilihamishiwa upande wa pili wa ua, kwenye kibaraza kilicho wazi, na hilo peke yake, kabla hata ya kununuliwa kifaa chochote, lilipunguza kengele za jioni kutoka 7 hadi 2 katika miezi mitatu tuliyokuwa tukisubiri mzigo ufike. Ninalitaja kwa kirefu kwa sababu sijaona fundi mwingine aliyeingia katika nyumba ya Kizanzibari na kuuhesabu udi kuwa sehemu ya maisha ya nyumba, mfumo ukabuniwa kuufuata.

Sasa nije kwenye vifaa. Katika vyumba vya kulala na kumbi tulifungiwa vitambuzi mchanganyiko, ambavyo hupima moshi na joto kwa pamoja na kulinganisha vipimo hivyo kabla ya kutoa ishara. Moshi ukiingia huku joto likipanda, kitambuzi huwa chepesi kushtuka. Moshi au mvuke ukiingia bila joto kubadilika, hutaka kiasi kikubwa zaidi kabla ya kulia. Kila kimoja kina anwani yake, hivyo paneli huandika chumba kamili. Vilevile hujirekebisha kadiri vumbi linavyokusanyika ndani, na vumbi likizidi kiwango ambacho kinaweza kulifidia, hutoa taarifa ya hitilafu badala ya kengele ya moto. Kwa nyumba ambayo chokaa hudondoka kutoka darini kila siku, sifa hii ya mwisho nisingekubali kuikosa.

Nilidhani tatizo la bafu lingemalizwa na vifaa hivyo vipya tu. Fundi alikataa. Alisema kushusha unyeti wa moshi, yaani wepesi wa kitambuzi kuushtukia, hadi mwisho katika chumba cha kulala ni kuwanunulia wageni usingizi kwa bei mbaya, kwa sababu godoro linalofuka kutokana na sigara laweza kutoa moshi kwa muda mrefu kabla joto halijafika darini. Hivyo vyumbani aliacha unyeti wa kati, akakisogeza kila kitambuzi kutoka juu ya mlango wa bafu hadi upande wa kitandani, akiacha angalau nusu mita kutoka ukutani. Boriti zilimchelewesha. Moshi ukipanda hukwama kwanza kati ya boriti na boriti kabla ya kusambaa, na kiwango cha Uingereza cha BS 5839 huihesabu boriti yenye kina kinachozidi asilimia 10 ya kimo cha dari kuwa kama ukuta kamili. Dari zetu ni ndefu na boriti zetu hazifiki kina hicho, lakini alizipima zote chumba kwa chumba, na katika vyumba viwili vipana vyenye boriti nene aliongeza kitambuzi cha pili.

Nilimuuliza pia kuhusu vile vinavyopima gesi ya kaboni monoksidi, nilivyokuwa nimevisoma na kuvipenda, kwa kuwa moto unaofuka huitoa gesi hiyo mapema na mvuke wa maji hauna gesi hiyo. Jibu lake lilinifunza kitu. Chetezo huwashwa kwa makaa, na makaa hutoa gesi hiyohiyo. Tungeondoa kengele za bafu na kuzidisha zile za udi. Kwa hoteli isiyofukiza, au hosteli ya wanafunzi inayosumbuliwa na mvuke peke yake, huenda vingefaa kuliko hivi vyetu.

Jikoni moshi haupimwi tena. Kimewekwa kitambuzi cha joto cha kiwango maalumu, yaani kinacholia joto likifikia kiwango kilichopangwa tu, ambacho hakijali joto likipanda kwa kasi pale chungu kinapofunuliwa au tanuri linapofunguliwa. Chumba cha juu kabisa, kilichoezekwa mabati, kilikuwa na kisa chake. Mchana wa Januari hewa ya chini ya bati hilo huchoma kichwa ukisimama, na kitambuzi cha joto cha kawaida, daraja la A1 katika viwango vya Ulaya vya EN 54, kimetengenezwa kwa mahali ambapo joto halipiti nyuzi 50, nacho hulia kati ya nyuzi 54 na 65. Hapo kilihitajika cha daraja la B, kinachovumilia hadi nyuzi 65 na kulia kati ya 69 na 85. Wauzaji wengi wa vifaa hivi huagiza daraja moja tu kwa nyumba nzima, na kwa nchi zetu zenye mabati na jua la utosi ningemshauri kila mnunuzi aulize herufi iliyoandikwa kwenye kitambuzi kabla hajalipa.

Paneli nayo ina kazi yake katika kupunguza kelele. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku unyeti wa vitambuzi vya kumbi hupungua kwa ajili ya udi, wakati ambapo watu wote wako macho, kisha hurudi wenyewe. Mchana, kitambuzi kimoja kikishtuka, ishara hufika mapokezi kwanza, na mfanyakazi ana dakika 2 za kwenda kuangalia; kitambuzi cha pili kikiona jambo, au mtu akibonyeza kitufe cha dharura, au dakika hizo zikapita bila jibu, nyumba nzima hulia. Tulibishana kidogo kuhusu usiku. Mimi nilitaka dakika hizo ziwepo saa zote. Fundi akaniuliza tuna walinzi wangapi usiku, nikamwambia mmoja. Akasema mtu mmoja hawezi kupanda ghorofa mbili kukagua na wakati huohuo kuwaamsha watu 30, kwa hiyo usiku kengele italia moja kwa moja. Alikuwa na haki, na ninafurahi kwamba hakunisikiliza.

Kwa miezi 14 kengele ya nyumba nzima imelia mara 4. Mara moja mtoto wa mgeni alibonyeza kitufe cha dharura cha ngazini, na baada ya hapo vitufe vyote viliwekewa vifuniko vya plastiki vya kuinua. Mara moja tulipuliza dawa ya mbu na kusahau kukizima kwa muda kitambuzi cha chumba cha 3. Mara moja sababu ilikuwa jenereta, kabla bomba lake la moshi halijarefushwa hadi juu ya ukuta wa ua. Ya nne ilikuwa ya kweli. Saa nne za usiku mgeni wa chumba cha 9 aliacha pasi juu ya kanga iliyokunjwa mezani akaenda kuzungumza na simu kwenye kibaraza cha nje. Paneli iliandika chumba cha 9, mlinzi akapanda moja kwa moja na kizimia moto, akakuta kanga inafuka na meza imeanza kuwa nyeusi. Kwa mfumo wa zamani angeanzia chumba cha 7, na huenda angeanza kwa kuuliza nani anaoga.

Wageni pia wamebadilika. Usiku ule wa pasi nilipofika ukumbini wengi wao walikuwa tayari wanashuka ngazi wakiwa na kanga na viatu mkononi.

Nisiache mapungufu, kwa sababu yapo, nayo yanaumiza. Bei ya kitambuzi mchanganyiko ilikuwa karibu mara mbili ya kile cha moshi peke yake, na nyumba yenye vyumba vinne au vitano yaweza kupata nafuu kubwa kwa kuhamisha tu vitambuzi ilivyonavyo mbali na bafu na jiko na kuvisafisha kwa ratiba. Akiba ya vifaa haiwekwi Unguja; kitambuzi kimoja kilipoharibika kwa radi tulisubiri siku 19 kipya kifike kutoka Dar es Salaam, na siku hizo zote mlinzi alipita katika chumba hicho kila saa. Mwongozo waliotuachia ulikuwa wa Kiingereza tupu. Nilikaa na binti yangu jioni nyingi tukiandika kwa Kiswahili karatasi mbili za maelekezo kwa walinzi, kazi ambayo kampuni ilipaswa kuifanya kabla ya kukabidhi funguo, kwani mlinzi asiyeelewa maandishi ya paneli hubonyeza kitufe cha kunyamazisha na kurudi kukaa.

Vile vitambuzi vya zamani vya mionzi navyo vilizua mjadala. Mafundi walitaka kuvitupa pamoja na vifusi, nikakataa, kwa sababu vifaa vya namna hiyo havistahili kutupwa jaani, na vyanzo vya mionzi nchini vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Baada ya majibizano waliandika barua ya kuvipokea na kuvikabidhi kunakohusika. Mwenye kubadilisha mfumo wa zamani aliweke jambo hilo katika mkataba tangu mwanzo.

Usafi ni jukumu letu wenyewe na haukwepeki. Kila baada ya miezi mitatu tunapitisha brashi laini na kifyonza vumbi kuzunguka nyavu za vitambuzi, na kabla ya kupaka chokaa au kukwangua ukuta tunavivika vifuniko vyake, kisha tunaandika daftarini nani amevivika na nani amevivua. Paneli huacha taa ya manjano ikiwaka maadamu kuna kitambuzi kilichozimwa, na mlinzi hapokei zamu taa hiyo ikiwa inawaka bila maelezo yaliyoandikwa.

Lalamiko langu kubwa kuliko yote ni nenosiri. Mabadiliko yoyote ya unyeti au ya saa kwenye paneli hutaka nenosiri ambalo kampuni imelishika, na kila mara tunapohitaji badiliko dogo, kama kusogeza saa ya udi wakati wa Ramadhani ambapo watu hufuturu na kuswali kisha hufukiza usiku zaidi, tunalipia safari ya fundi. Ninakubali kwamba si kila mtu anafaa kuugusa unyeti wa kitambuzi, na sitaki mlinzi wangu aushushe ili alale. Lakini mwenye nyumba aliyeununua mfumo kwa fedha zake anastahili walau ruhusa ya kubadilisha saa, na rekodi kamili ya namna kila kitambuzi kilivyowekwa, ili siku kampuni ikifungwa fundi mwingine asianze upya. Rekodi hiyo tumeipata baada ya barua mbili. Ruhusa ya saa bado hatujaipata, na mkataba wa matengenezo wa mwaka wa pili, ambao vinginevyo ningeusaini bila kusita, uko mezani kwangu ukisubiri kifungu hicho kiongezwe.